Shahidi Aliyeshika Sahani

Mama yangu alikufa akiamini kwamba mtakatifu wake alikuwa muuza mikate. Hakuna padri, mtawa wala katekista aliyejisumbua kumwambia ukweli, ingawa walinunua mikate yake kila asubuhi na picha ilikuwa pale pale mbele yao, imebandikwa kwenye mlango wa kabati. Jambo hilo linanikasirisha mpaka leo. Nikianza kusimulia habari hii lazima nianze na hasira hiyo, maana mengine yote yalitoka humo.

Tuliishi Panda, mtaa wa mji wetu wa Likasi, katika zile nyumba za kambi ambazo kampuni ya shaba iliwajengea wafanyakazi wake. Baba alikuwa fundi wa mitambo. Mishahara ilipoacha kuja, Mama alijenga tanuri la udongo wa kichuguu nyuma ya nyumba akaanza kuoka mikate midogo ya mviringo. Siku moja, kwenye duka la parokia, aliona picha ya mtakatifu ambaye hakuwahi kumsikia. Alikuwa mwanamke kijana mwenye joho jekundu, mkono mmoja kashika tawi la mtende, mkono wa pili sahani, na juu ya sahani vitu viwili vya mviringo, vyeupe, vimeumuka vizuri. Mama aliangalia, akacheka kwa furaha.

"Huyu ni mwenzangu," akasema. "Angalia, anauza mikate!"

Aliinunua, akaibandika kwa bukari, ule ugali wetu, ambao ukikauka haubanduki tena. Mbele paliandikwa jina tu; maneno ya Kifaransa yaliyokuwa nyuma ya picha yalibaki kwenye mbao, na hakuna aliyeyasoma. Mama hakuona shida. Alijitungia mwenyewe maisha ya mtakatifu, akatusimulia huku akikanda unga: kwamba binti huyu alikuwa akiwapelekea wafungwa mikate kwa siri, kwamba mtawala alimkamata, akamwambia aache, naye akajibu kwamba mwenye njaa haulizwi dini. Basi wakamuua. Sisi watoto tulimpenda sana. Mtakatifu anayenuka moshi na hamira ni mtu wa nyumbani.

Mdogo wangu wa kiume alipopata mtoto wa kwanza, msichana, Mama hakumwachia mtu nafasi ya kupendekeza. Jina lilikwisha kuwapo, la yule muuza mikate. Siku ya ubatizo padri aliuliza jina, akaambiwa, akaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Bikira na shahidi," akasema, akamwaga maji. Ni hayo tu. Jina lenyewe silitaji hapa, kwa sababu si langu kulitoa.

Bikira na shahidi! Fungua kalenda ya Kanisa uone. Wanaume wameandikiwa kazi zao: askofu, abate, mwalimu wa Kanisa, mwanzilishi wa shirika. Ukifika kwa wanawake wa zamani, hasa wale ambao hawana basilika kubwa wala umati wa mahujaji, unakuta maneno hayo mawili, kisha ukurasa unageuka. Aliuawa na nani? Alikuwa amemkataa nani? Walimfanya nini kabla ya kumuua? Usiulize. Wanatutaka tuwape watoto wetu majina hayo, tuwashe mishumaa, tuimbe, lakini habari yenyewe wameifungia kabatini kana kwamba itatuchafua. Tulipewa mtakatifu nusu, na ile nusu nyingine ikaja kutushika koo.

Mama alipofariki, binti yule alikuwa msichana mkubwa. Alijifunza ushonaji, akapata nafasi kwenye karakana karibu na soko, na mikono yake ilikuwa na adabu kuliko ya bibi yake. Mama yake mzazi alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo mambo ya mwili aliniletea mimi, shangazi yake, tantine kama tunavyosema kwetu. Baba yake, huyo mdogo wangu, alikuwa ananunua mawe ya shaba kwa wachimbaji wadogo na kuyauza tena. Zamani alikuwa mchimbaji mwenyewe. Shimo liliporomoka akiwa ndani, na watu waliokesha juu wakifukua kwa mikono na kuomba kwa sauti walikuwa watu wa kanisa moja la uamsho. Alitoka hai, akahamia kwao. Sikumlaumu. Hata mimi ningehama.

Jumamosi moja tulikuwa tunafua nguo uani kwangu. Binti akaacha kufua, akafuta mikono.

"Tantine, iko kintu kimoja hapa," akasema, akigusa ziwa la kushoto. "Kigumu. Hakiumi."

Niligusa. Kilikuwa kigumu kweli, kama punje ya hindi chini ya ngozi. Jumatatu tulikwenda kwa daktari hapa Likasi. Alimpima kwa vidole, akauliza maswali, kisha akasema aende Lubumbashi wakamkate kipande kidogo wakichunguze, na kama ni kibaya waondoe mara moja. Alituangalia wote wawili akasema, "Ila musichelewe." Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Binti alikuwa mtu mzima, angeweza kwenda bila kumuuliza mtu. Lakini kwetu hulali chini ya kisu baba yako akiwa amekunja uso. Ukifa mezani, watu watasema alikulaani. Ukipona, watasema ulimdharau. Binti alimpenda baba yake. Alitaka aende naye, au angalau amwekee mkono kichwani. Basi akamwambia. Na baba akasema, tuanze kwanza kwa mchungaji wa kanisa lake.

Mchungaji huyo ana desturi yake. Kabla ya kumwombea mgonjwa anauliza majina. Ulipewa jina la nani? Mwenyewe aliishije? Alikufaje? Anasema jina ni njia, na aliyeipita mwanzo ameacha mambo yake humo. Kwa jina la babu mlevi anapata pepo wa ulevi. Kwa jina la bibi aliyekufa bila mtoto anapata pepo wa utasa. Akasikia jina la binti yetu. Hakulijua. Akachukua simu yake, akatafuta.

Jioni hiyo mdogo wangu alisimama mlangoni kwangu na simu mkononi, jasho likimtoka.

"Yaya, angalia mwenyewe," akaniambia, maana ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa. "Ile haikukuwa mikate. Ni mabele! Balimukataka mabele yote mbili, na sisi tukaita mutoto ile jina!"

Niliangalia. Ilikuwa picha ya kale, ya rangi za mafuta. Msichana amefungwa kwenye nguzo, kifua wazi, wanaume wawili wenye koleo. Halafu akanionyesha nyingine, ile ya Mama, ile ile yenye joho jekundu, na chini yake maelezo ya Kifaransa. Vile vitu viwili juu ya sahani vilikuwa maziwa yake mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti bila kukitafuta. Nilimfikiria Mama na unga wake, nikataka kulia na kucheka kwa pamoja.

"Na ugonjwa umefika wapi?" mdogo wangu akaendelea. "Haikufika ku mukono, haikufika ku muguu. Imefika pale pale!"

"Ugonjwa haijue kusoma," nikamwambia. "Peleka mutoto Lubumbashi."

"Kwanza tutoe ile jina."

Wakalitoa. Wakamwambia afunge kula, wakamzungushia watu wa maombi, wakampa jina jipya, la Kifaransa, lenye maana ya ushindi. Uvimbe haukujali jina jipya. Kila Jumamosi nilimgusa, na kila nikimgusa ulikuwa umekua. Punje ikawa jiwe. Binti hakulalamika, na hicho ndicho kilichonitia wazimu. Alikuwa anasubiri baba yake amalize kuogopa. Mimi nilikuwa nashindwa kula. Nililala na kuamka nikigombana peke yangu na watu ambao hawakuwapo.

Nilikwenda kwa padri wetu. Nilitaka anipe maisha yote ya yule shahidi, kuanzia kuzaliwa mpaka kufa, niende nayo kwa mdogo wangu niyatumie kama fimbo. Padri ni kijana, mtu mwema, ana haraka.

"Mama, zile ni légendes," akasema. "Zisikusumbue. Kitu muhimu ni kwamba alikuwa bikira na shahidi."

"Zimekwisha kunisumbua, mon père," nikamjibu. "Ziko nyumbani kwa mdogo wangu, zinakaa mezani na kula naye."

Alitabasamu akaangalia saa. Haki ya Mungu, nilitoka pale damu inanichemka kuliko nilivyoingia. Hawa watu wametuwekea jina mdomoni, na jina likianza kutuuma wanasema ni hadithi! Kama ni hadithi, mbona walimbatiza nalo mtoto? Na kama si hadithi, mbona hawasimulii?

Katika chumba cha kusomea cha parokia kuna vitabu vya Kifaransa ambavyo panya wamevisoma kuliko sisi. Nilikaa huko mchana mzima mpaka nikampata. Inasimuliwa kwamba alikuwa msichana wa kisiwa cha Sisilia, wa ukoo mzuri. Mtawala alimtaka, akamkataa. Alimpeleka kwenye nyumba ya wanawake wabaya ili avunjwe moyo, hakuvunjika. Ndipo mtawala akaamuru akatwe maziwa, na binti akamuuliza kama haoni aibu kukata kile alichonyonya kwa mama yake. Hapo nilifunga kitabu kwa kidole ndani, nikapumua. Mama yangu angempenda zaidi kama angejua! Angeacha kuoka akawaita majirani waje wasikie.

Kisha nikafika mahali pengine. Gerezani alimjia mzee mmoja na dawa za vidonda, naye akazikataa, akasema hajawahi kutumia dawa za mwili. Nilimkasirikia mtakatifu mwenyewe. Nilimwambia kwa sauti, mle chumbani, "Na weye pia!" Bahati nzuri niliendelea kusoma. Mzee yule alikuwa mtume, ametumwa kumponya, na asubuhi alikuwa mzima.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa mdogo wangu. Nilimkuta mchungaji uani, amekaa kwenye kiti kizuri, anakunywa soda. Mdogo wangu alikuwa kwenye kibao. Binti alileta maji, akakaa karibu na mlango wa jikoni, mkono wa kushoto ameubana ubavuni kwa sababu sasa uvimbe ulikuwa unamuuma. Nikasema nimekuja kumchukua.

"Mama, shiye hatugombane na weye," mchungaji akasema kwa upole ule unaonichosha. "Tunagombana na ile esprit, ile pepo. Ukimupeleka kwa munganga na ile esprit ingali, batakata hii, kesho itarudia ku ingine."

"Mwezi ngapi unagombana nayo? Umeishinda?"

"Hata ule mutakatifu wenu alikatalaka dawa. Iko mu Internet."

"Na uliendelea kusoma," nikamuuliza, "ao uliishia pale ilikuwa inakufurahisha? Ule mwenye kuleta dawa, nani alimutuma? Ni shetani alimutuma na dawa? Ni Mungu! Mungu anatuma muntu na dawa mu mukono, na weye unasimama ku mulango unamufukuza!"

"Yaya, heshima," mdogo wangu akasema.

"Heshima gani? Mutoto anaoza mbele yako na weye unanifundisha heshima?"

Nilikuwa nimesimama, nadhani nilikuwa nimenyoosha kidole. Nilikuwa tayari kusema mambo ambayo hayarudi mdomoni. Lakini binti akasema, bila kuinuka, "Tantine, ikala." Nikakaa.

"Baba, minye njo niko na ugonjwa," akasema. "Munisikilize na minye. Tantine alinielezea habari ya ule binti. Bamukata juu mwanaume mukubwa alimutaka na yeye akakatala. Sasa kosa iko ya nani? Ni ya jina yake, ao ni ya ule mwenye kukata?"

Mchungaji akaweka chupa ya soda chini.

"Banamutesa muntu, na kisha banasema jina yake njo mubaya," akasema. "Kesho naenda Lubumbashi na tantine. Kama unanibariki, nitafurahi. Kama haunibariki, naenda vile vile."

Mdogo wangu alimwangalia mchungaji. Ndiyo, mchungaji! Baba mzima, katika ua wake mwenyewe, anamwangalia mtu wa nje kumwomba ruhusa ya kumbariki mtoto aliyemzaa. Mchungaji akatikisa kichwa kidogo sana, kukataa. Mdogo wangu akainuka, akaingia ndani, na mlango ukafungwa taratibu. Ningependa kusema nilimhurumia, lakini siku hiyo sikumhurumia hata kidogo.

Tuliondoka asubuhi. Sitasimulia yote ya hospitali, mengine ni yake. Daktari wa Lubumbashi alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisoma karatasi ya daktari wa Likasi, akauliza kwa nini tumekuja sasa. Sikujua nianzie wapi. Akasema kama tungekuja wakati ule, huenda wangetoa uvimbe tu na ziwa likabaki. Sasa lazima liondoke lote, na baada ya hapo dawa kali, na baada ya dawa kusubiri. Binti akasema sawa. Nilitoka nje, nikashika ukuta wa veranda, nikalia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa. Miezi yote ile! Kwa sababu ya picha!

Mdogo wangu alikuja siku moja, baada ya upasuaji. Alileta bukari na samaki wa mto Lufira waliofungwa vizuri kwenye kitambaa. Alikaa kando ya kitanda, akamlisha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, machozi yakimwingia mdomoni. Hakuomba radhi. Binti alikula yote. Mimi nilikaa dirishani, nikaona kwamba hasira yangu kwake imepungua, lakini haikuisha, na sikuilazimisha.

Dawa zilimaliza nywele, kisha nywele zikaanza kurudi, laini, kama za mtoto mchanga. Alirudi karakanani, akaanza kushona polepole. Na hapo ndipo mchungaji alipotuma habari: Jumapili ijayo binti atoe ushuhuda. Alikwisha kutangaza mwenyewe kwamba Mungu ameukausha uvimbe siku walipoliondoa jina. Nilidhani nimesikia vibaya. Ningeweza kwenda kumvunjia viti vyote. Binti akasema, "Tantine, nitaenda. Unisindikize."

Kanisa lao ni banda kubwa la mabati. Umeme ulikuwa umekatika, ingawa nyaya za kutoka bwawa la umeme la Koni zinapita juu ya paa lenyewe, kwa hiyo jenereta ilikuwa inanguruma nje na kipaza sauti kinakoroma. Watu walijaa. Mbele, upande wa kina mama, alikaa mke wa mchungaji, mama mnene mwenye sauti nzuri, kiongozi wa waimbaji. Siku hiyo hakuimba sana. Mchungaji alisimulia habari yote kwa namna yake: jina, laana, maombi, ushindi. Hospitali hakuitaja. Daktari hakumtaja. Halafu akamwita binti yetu kwa lile jina jipya.

Binti hakuinuka. Akamwita tena, watu wakageuka. Mdogo wangu, kwenye benchi la mbele, akageuka pia, uso umemshuka. Binti alibaki ameketi, mikono mapajani, kama mtu anayesikia mwingine akiitwa. Mchungaji mwenyewe akaona aibu, na hatimaye akasema jina lenyewe, lile la ubatizo, kwa sauti ndogo.

"Niko," binti akajibu, akainuka.

Alifika mbele, akakataa kipaza sauti.

"Uvimbe haikukauka," akasema. "Banganga balinikata ziwa ku Lubumbashi. Nilichelewa kwenda, njo maana balikata yote. Mungu njo alinisaidia, na alinisaidia kwa mikono ya banganga. Kama iko mama humu mwenye kusikia kintu kigumu mu ziwa, asifiche. Akuye inje, nitamupeleka minye mwenyewe. Basi."

Akashuka, akatembea katikati ya mabenchi mpaka nje. Nilimfuata. Nyuma yetu mchungaji alianzisha wimbo haraka haraka, na watu wakaitikia nusu nusu. Tulisimama kando ya jenereta, kwenye kelele na moshi wa mafuta. Nikamshika binti mabega. Nilidhani hakuna atakayekuja.

Alikuja mmoja. Alikuwa mke wa mchungaji, kitambaa cha kichwa kimelegea, mkono wa kulia ameuweka chini ya kwapa la kushoto. Aliangalia nyuma mara moja, kisha akasogea karibu mpaka midomo yake ikagusa sikio la binti ili jenereta isifunike sauti yake.

"Minye niko nayo tangu mbele ya Noeli," akasema. "Mume yangu anajua."